Bahari Iko Upande Gani? Mwongozo Kamili wa Kutembea Padoki na Piti za Sakiti ya Mbio za Magari

Mgeni akipotea katika vichochoro vya Mji wa Kale hapa Mombasa, mwenyeji hamchorei ramani. Humwonyesha tu bahari iko upande gani, na kutoka hapo miguu hujipeleka yenyewe. Nimeiona kanuni hiyohiyo ikifanya kazi katika sakiti za mbio za magari, ambako watu wa kwetu hufika wakiwa wamelipa fedha nyingi kwa pasi ya padoki, kisha wakamaliza nusu siku wakizunguka malori na kurudishwa milangoni bila kuona walichokifuata. Katika sakiti, bahari ni njia ya mbio. Ukijua kila wakati iko upande gani, na ukajua gari linaingilia wapi na kutokea wapi, mahema na malango na kamba zote zile zitaanza kuwa na maana.

Nimeandika kwa ajili ya msafiri anayetoka Pwani akielekea Kyalami karibu na Johannesburg, Yas Marina kule Abu Dhabi, au Silverstone nchini Uingereza ambako huenda ana ndugu wa kumpokea. Sisi tumelelewa na rali. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na wako wazee Mombasa wanaokumbuka miaka ambayo magari yake yaliteremka mpaka hapa. Joginder Singh aliyeshinda mara 3 na Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5 ni majina ya nyumbani. Lakini macho ya rali hupotosha sakitini. Katika rali gari hutokomea vumbini, mafundi wakaliona tena baada ya saa kadhaa katika eneo la huduma, ambako mtazamaji hulipitia karibu bila shida kubwa. Sakitini gari hupita mbele ya mafundi wake kila baada ya dakika moja na nusu au mbili, na linaweza kuwaingilia wakati wowote, kwa hiyo eneo zima limejengwa kwa ajili ya sekunde chache za kuingia na kutoka. Mtu hana nafasi humo isipokuwa ile ambayo gari haliihitaji.

Majina mawili yanayochanganywa

Padoki ni uwanja ulio nyuma ya gereji: ndiko yaliko malori, ofisi za timu, nyumba za kupokelea wageni, stoo za matairi na vyoo. Neno lenyewe limetoka kwenye mbio za farasi, ambako lilikuwa ua wa kuwatembeza farasi kabla ya kushindana, likahamia kwenye magari kupitia Brooklands, sakiti ya Uingereza iliyofunguliwa mwaka 1907 na watu waliozoea taratibu za farasi. Piti ni sehemu ya mbele, inayotazama njia ya mbio, ambako gari huhudumiwa. Maana ya jina hilo ni mashimo, na halikuwa la mzaha: katika mbio kubwa za magari, Grand Prix ya Ufaransa ya mwaka 1908 kule Dieppe, timu zilipewa handaki lililochimbwa kando ya barabara, mafundi wakakaa humo na vifaa vyao huku magari yakipita kando yao.

Handaki limekwenda na miaka, jina limebaki. Tofauti ya maneno haya mawili ina uzito langoni kuliko kwenye kamusi, kwa maana pasi ya padoki peke yake haikupi ruhusa ya kukanyaga njia ya piti, na ubishi mwingi utakaousikia mlangoni unatokana na mtu kudhani kwamba amelipia vyote viwili.

Ichore ramani kichwani kabla ya kufika

Jifikirie umesimama baharini, yaani katikati ya sehemu iliyonyooka ambako mbio huanza na kuishia, kisha anza kutembea kuelekea bara. Kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni ukuta wa piti, ambapo viongozi wa timu huketi mbele ya skrini zao wakiwa wameigeukia njia ya mbio. Zamani ukuta huo haukuwapo. Tarehe 11 Juni 1955 huko Le Mans, piti zilikuwa kando tu ya barabara bila kitu cha kuzitenga. Dereva Mike Hawthorn akapunguza mwendo ili aingie kwa mafundi wake, gari lililokuwa nyuma yake likayumba kumkwepa, na gari la Pierre Levegh likaligonga hilo na kurukia upande wa watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Ukiuona ukuta wa piti, na nafasi iliyotengwa kwa magari yanayopunguza mwendo, unaiona sehemu ya funzo la siku ile.

Nyuma ya ukuta iko njia ya piti. Kwa macho ni barabara moja pana, lakini kwa kanuni ni mbili. Ile iliyo karibu na ukuta ni ya magari yanayopita, na kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, upana wake hauzidi mita 3.5, ile iliyo karibu na gereji ndiyo peke yake ambamo gari linaruhusiwa kusimama na kufanyiwa kazi. Kinachozitenga ni mistari ya rangi iliyopakwa chini. Jifunze kuitazama mistari hiyo kabla ya kutazama magari.

Halafu zinafuata gereji, zimepangwa safu moja, kila moja ikiwa na mlango mpana wa mbele wa kupitisha gari na mlango mdogo wa nyuma wa kupitisha watu. Nyuma yake kuna kichochoro cha huduma chenye foklifti na matairi, kisha malori yaliyoegeshwa kwa kupimwa kama makontena ya Kilindini, kisha barabara ya kutembelea ya padoki, na ng'ambo yake nyumba za wageni za timu. Mwisho kabisa ni uzio na lango lenye mashine ya kusoma pasi. Hapo umefika bara. Safari yako halisi itakuwa kinyume: utaingilia langoni ukisogea kuelekea majini, na kwa kila hatua ruhusa yako inapungua.

Safu hii ina vichwa viwili, na hivyo ndivyo dira yako: mwingilio wa piti na mtokeo wa piti. Idara ambazo hazina budi kuwa karibu na gari, kama vile ukaguzi na mizani, hospitali ndogo ya sakiti, chumba cha kuongozea mbio na eneo la kufungia magari baada ya mashindano, kwa kawaida hutafutwa upande wa kimojawapo, au hukaa juu ya gereji kwenye ghorofa. Katika Formula One, daraja la juu kabisa la mbio za sakiti, gereji hugawiwa kwa kawaida kwa kufuata msimamo wa timu wa mwaka uliotangulia, kwa hiyo anayekumbuka msimamo anaweza kukisia timu yake iko wapi kabla hajaona bango lolote. Katika mashindano madogo orodha hubandikwa kwenye ubao karibu na ofisi ya usajili, na mtu mwenye busara huipiga picha kwa simu mara tu anapofika.

Maandalizi ya nyumbani

Nianze na viatu, kwa sababu ndivyo vilivyoniaibisha. Mara yangu ya kwanza nilivaa makubadhi mapya ya ngozi, maana jua lilikuwa kali na nilitaka kupendeza. Lango la padoki nililipita bila swali. Kwenye mlango wa njia ya piti msimamizi hakuitazama pasi yangu hata kidogo. Alitazama vidole vyangu vya miguu, akatikisa kichwa. Fundi mmoja aliyekuwa akifuta rimu pembeni alicheka, akaniazima buti zake za akiba zilizouzidi mguu wangu kwa namba mbili, nikaburuza miguu njia nzima kama mtoto aliyevaa viatu vya babake. Viatu vinavyofunika mguu wote, vyenye soli isiyoteleza kwenye mafuta, vinapatikana Kongowea kwa bei ya mitumba na vitatosha kabisa.

Nguo nazo zina neno. Vaa suruali ndefu ya pamba na shati lisilo na pindo la kuning'inia. Mwenye kuvaa buibui au kanzu achague isiyo pana chini na isiyogusa ardhi, na akumbuke kwamba vitambaa vya nailoni na poliesta huyeyuka mwilini vikishika moto, ilhali pamba ina nafuu. Hili si woga wa bure katika mbio za masafa marefu, ambako magari bado hujazwa mafuta katikati ya mashindano, jambo ambalo Formula One iliachana nalo tangu mwaka 2010. Huko wapiga picha wanaofanya kazi katika njia ya piti mara nyingi hutakiwa wavae nguo zisizoshika moto na helmeti, na mgeni wa kawaida huwa hayuko humo wakati mbio zinaendelea.

Beba vizibo vya masikio, hata kama umeambiwa kwamba injini za V6 zenye msaada wa umeme zinazotumiwa na Formula One tangu mwaka 2014 zimepunguza kelele. Zimepunguza ukiwa jukwaani. Ndani ya gereji iliyoezekwa, mlio hugonga ukuta na kurudi, na magari ya GT, yaani ya mbio yaliyotokana na magari ya barabarani, hayana huruma kabisa. Watoto ni suala la kuulizia kabla ya kukata tiketi: sakiti nyingi haziruhusu aliye chini ya miaka 16 kukanyaga njia ya piti magari yanapokuwa kazini, na hakuna msimamizi atakayelegeza kamba kwa sababu mmetoka mbali.

Langoni

Aliyewahi kufanya kazi bandarini anajua kwamba pasi ya lango si ruhusa ya kupanda meli. Isome pasi yako usiku uliotangulia: inataja siku, maeneo, na mara nyingine saa. Ivae shingoni mbele ya kifua, usiitie mfukoni, wala usimwazime mtu hata akiwa mpwa wako, kwa kuwa mashine hutunza kumbukumbu ya nani ameingia na nani hajatoka. Mambo ni mepesi zaidi katika mashindano ya vilabu ya Uingereza, ambako mara nyingi tiketi ya kawaida hukuingiza padoki bila nyongeza yoyote. Kwa maoni yangu huko ndiko mahali pazuri zaidi pa kujifunzia, kwa sababu dereva huenda ndiye huyohuyo anayejaza upepo kwenye matairi yake na atakuwa na wasaa wa kukujibu.

Mzunguko wa kwanza

Fika mapema, kabla gari lolote halijawashwa, na kabla ya kumtafuta dereva unayempenda tembea padoki nzima kutoka kichwa kimoja hadi kingine kwa nyuma ya gereji. Anza upande wa mwingilio. Hesabu gereji unavyokwenda, zisome namba zilizobandikwa milangoni, na kila baada ya gereji chache geuka uangalie kama unaweza kuiona au kuisikia njia ya mbio. Ukifika upande wa mtokeo, rudi kwa kupitia barabara ya pili, ile iliyo mbele ya nyumba za wageni. Kazi hii haizidi nusu saa katika sakiti kubwa, na itakuepusha na kuuliza njia siku nzima.

Katika mzunguko huo weka alama kichwani penye maji, penye vyoo, na penye hospitali ndogo, ambayo mlango wake wa ambulansi haupaswi kuzibwa hata kwa dakika moja. Chagueni na wenzako mahali pa kukutania pasipohamishika, kwa mfano ngazi za jengo la piti. Usichague lori, kwa sababu lori huondoka, na usitegemee simu, kwa sababu watu makumi ya maelfu wakitumia mtandao pamoja, ujumbe wako wa "niko hapa" hufika umeshafika nyumbani.

Hatari ya padoki ni ya polepole na ndiyo maana huwapata watu. Foklifti hurudi nyuma ikiwa imebeba matairi yaliyomziba dereva wake. Skuta za umeme hupita kimya, na wanaoziendesha wana haraka kuliko wewe. Gari la mbio linaposukumwa na mafundi kwenda kwenye mizani halina mlio wowote, na wanaolisukuma wameinama hawakuoni. Tembea pembeni, usitembee ukiwa umeinamia simu, na ukitaka kusimama uzungumze, simama penye ukuta nyuma yako.

Kwenye mlango wa gereji

Gereji ni nyumba ya watu. Huingii kwa sababu mlango uko wazi, bali kwa sababu mwenye nyumba amekukaribisha, na baada ya kukaribishwa unasimama pale ulipoonyeshwa. Mara nyingi chini kuna mstari au utepe, na wageni hukaa nyuma yake.

Gari huingizwa kwa kurudishwa nyuma: linasimama mbele ya mlango, mafundi wanalishika na kulisukuma ndani kinyumenyume. Mgeni aliyesimama kati ya gari na nyuma ya gereji ili apate picha nzuri huwa amesimama katika njia yenyewe. Juu ya kichwa chako kuna mipira ya hewa inayoshuka kutoka kwenye nguzo, chini kuna nyaya, na pembeni kuna matairi yaliyofunikwa blanketi za umeme za kuyapasha moto. Usiyaegemee wala usiyaguse. Usiliguse gari pia, na hasa gari lenye mseto wa umeme: magari ya namna hiyo hubeba taa ndogo ya kuonyesha hali ya umeme, na ikiwa nyekundu hata mafundi wenyewe hawalikaribii bila glavu maalumu.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Timu haziogopi uso wa dereva upigwe. Zinaogopa sakafu ya gari na mabawa, kwa sababu huko ndiko iliko siri ya mwendo, na ukiona mafundi wanajipanga ghafla kama pazia mbele ya gari lililoinuliwa, elewa kwamba wewe na kamera yako mmeshajibiwa. Dereva aliyekwisha vaa helmeti mwache. Salamu yako ataipokea akiivua.

Njia ya piti

Sasa tumefika ufukweni, na hapa sitafanya haraka.

Hatua ya kwanza ni kujua gari linatokea upande gani, nawe usikisie. Sisi tunaoendesha upande wa kushoto tumezoea, tangu utoto, kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka barabara. Mazoea hayo yanaweza kukuponza. Sakiti nyingi huendeshwa kwa mwendo wa saa, na pale piti zinapokuwa upande wa ndani, aliyesimama mlangoni mwa gereji akiielekea njia ya mbio atayaona magari yakitokea kushoto kwake. Ziko sakiti zinazokwenda kinyume na saa, Yas Marina ikiwa mojawapo, na ziko zenye piti upande wa nje, kwa hiyo hesabu ya kichwani huchanganya. Tazama gari la kwanza linalopita, jiambie kwa sauti "linatokea huku," kisha kabla ya kila hatua tazama huko, halafu tazama na upande wa pili, maana mafundi nao husukuma magari kurudi nyuma.

Hatua ya pili ni kuelewa kasi. Katika Formula One gari haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa ndani ya njia ya piti, na Monaco, ambako nafasi ni finyu, ni 60. Kwenye televisheni mwendo huo huonekana kama gari limelala. Ukiwa umesimama mita tatu kutoka hapo, ni mwendo wa matatu ya Nairobi kwenye barabara kuu ikikupitia mlangoni kwako. Tena kikomo hicho hakikutoka mbinguni: tarehe 1 Mei 1994 huko Imola, gurudumu lilichomoka kwenye gari la Michele Alboreto alipokuwa akitoka piti na kuwajeruhi mafundi wa timu nyingine, na mashindano yaliyofuata yakaanza kuwa na kikomo.

Gurudumu ndilo la kuogopwa kuliko gari. Gari lina dereva na breki. Gurudumu lililochomoka halina bwana. Mwaka 2013 huko Nürburgring, gurudumu la gari la Mark Webber liliachiwa likiwa halijafungwa sawasawa, likadunda njia nzima na kumwangusha mpiga picha wa televisheni aliyekuwa ameligeuzia mgongo, akavunjika mifupa. Baada ya hapo wanahabari wengi waliondolewa katika njia ya piti wakati wa mbio na kuhamishiwa ukutani. Kanuni inayotokana na tukio lile ni fupi: usiugeuzie mgongo upande ambao magari yanatokea, hata kama upande wa pili kuna bingwa wa dunia anakupungia mkono.

Hatua ya tatu ni kuvuka. Unavuka pale tu msimamizi anapokuruhusu, kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo wa kawaida. Usikimbie, kwa sababu lami ina mafuta na vipande vya mpira. Usisimame kwenye ile njia ya karibu na ukuta. Usiteremke kutoka ukutani bila kutazama: mwaka 1981 huko Zolder, Ubelgiji, fundi wa timu ya Osella aliingia mbele ya gari katika njia ya piti iliyofurika watu, akapoteza maisha. Alikuwa mtu wa kazi, si mtalii.

Hatua ya nne ni kusoma ishara. Kwenye mtokeo kuna taa: nyekundu ikiwaka magari yanajipanga foleni, na kijani ikiwaka yanaondoka, kwa hiyo foleni ikiwapo usipite mbele yake. Taa ya buluu inayowakawaka pale inamwambia dereva anayetoka kwamba kuna gari linakuja kwenye njia ya mbio. Mafundi wakitoka gerejini wakiwa wamevaa helmeti, wameshika bunduki za kufungulia nati na jeki, usihitaji ishara nyingine. Rudi nyuma ya mstari, gari lao liko njiani. Hapo ndipo utakapoona kile kilichokutoa Mombasa. Watu takriban 20 wanalizunguka gari moja, kila gurudumu lina nati moja tu, na mwaka 2023 kule Qatar timu ya McLaren ilibadilisha magurudumu manne ya Lando Norris kwa sekunde 1.80. Usijaribu kuitazama kazi yote, haiwezekani. Chagua gurudumu moja, la mbele upande wako, na watu watatu wanaolishughulikia: mmoja wa bunduki, mmoja wa kutoa, mmoja wa kuweka. Ukiona mikono yao tu, umeona.

Na usidhani kwamba bendera ya mwisho ikikaribia hatari imekwisha. Katika Grand Prix ya Azerbaijan ya mwaka 2023 kule Baku, watu walianza kuingia njia ya piti kujipanga kwa ajili ya washindi huku dereva Esteban Ocon bado ana mzunguko wa mwisho. Akaingia piti kubadilisha matairi na kuwakuta wamesimama mbele yake. Waliojipanga pale walikuwa na pasi. Subiri uambiwe na msimamizi wa mbio, usifuate mkumbo.

Kupanga siku kwa kufuata gari

Ratiba ya wikendi ya kawaida ya Formula One ni mazoezi mawili Ijumaa, zoezi moja na kufuzu, yaani kupanga nafasi za kuanzia, Jumamosi, na mbio Jumapili. Pasi yako ina thamani kubwa zaidi katika nafasi zilizo kati ya vipindi. Dakika kumi na tano kabla ya kipindi, mafundi hawana neno la kukuambia. Dakika kumi baada ya kipindi, ndipo gari hufunguliwa.

Jambo linalosahaulika ni mashindano madogo ya Formula 2 na Formula 3 yanayosindikiza yale makubwa. Timu hizo mara nyingi zina padoki yao ya mbali, na huja njia ya piti zikivuta vifaa kwenye mikokoteni. Ukiona msafara huo unapita, ufuate kwa macho: unakuonyesha barabara ambayo magari hutumia kuingia, na hiyo ndiyo barabara ya kuepuka kusimama.

Sakiti zenye tabia zake

Silverstone ina majengo mawili ya piti. Lile jipya, liitwalo Wing, lilifunguliwa mwaka 2011 kati ya kona za Club na Abbey, na lile la zamani liko kati ya Woodcote na Copse. Mashindano mengine hutumia moja, mengine jingine, na aliyeambiwa "tukutane piti" bila kutajiwa jengo anaweza kutembea mpaka shati liloe. Uliza jina la jengo kabla ya kukubali miadi.

Yas Marina, iliyofunguliwa mwaka 2009, magari yakitoka piti hupita katika handaki chini ya njia ya mbio. Kwa hiyo pale mtokeoni usitegemee kuliona gari likiungana na wenzake. Linazama ardhini na kuibukia ng'ambo. Mbio zake huanza jua likishuka na kumalizika chini ya taa, nawe utahitaji kujua njia yako gizani, jambo linaloongeza umuhimu wa ule mzunguko wa asubuhi. Monaco nayo huvunja ramani niliyoichora hapo juu: nyumba za timu ziko kando ya bandari, mbali na gereji, na mtu hupanda na kushuka kati ya viwili hivyo katika barabara za mji.

Saa ya jioni

Wageni wengi huondoka bendera ikishapigwa, ili wawahi basi. Mimi hukaa. Saa moja au mbili baada ya mbio, padoki hugeuka kuwa gereji ya Shimanzi, na kwa mwenye macho ya fundi hiyo ndiyo saa tamu kuliko zote. Jioni moja nilisimama nyuma ya gereji nikimtazama kijana akikwangua tairi lililotumika: mkono mmoja ameshika kipuliza hewa ya moto, mwingine ana kikwangulio kipana, anazungusha tairi kidogo kidogo huku mpira uliookotwa njiani ukitoka kwa utepe mweusi kama ganda la muhogo. Alipofika kwenye mpira safi wa tairi alinionyesha kitundu kidogo ambacho sikuwahi kukiona kwenye picha, akakichomeka kipimo kujua ni milimita ngapi zimebaki. Tairi laini lile, nililodhani halina alama yoyote, lilikuwa na vitundu vya namna hiyo upana mzima.

Ukibaki mpaka saa hiyo, rudi nyuma hatua mbili zaidi ya ulivyozoea mchana, maana kuta za gereji hubomolewa vipande vipande, kamba za kutenga huondolewa, na foklifti hupita hata palipokuwa pa kutembelea watu. Toka kwa barabara ya nyumba za wageni, siyo kwa kichochoro cha malori. Njia ya mbio isikike mgongoni mwako, lango liwe mbele; ipitishe pasi kwenye mashine unapotoka, la sivyo kesho itakuhesabu kwamba umelala ndani.